Ualimu wa urubani: unakufikisha kwenye shirika la ndege au unakuchelewesha?

Mtarajiwa wa Anga

Habari zenu wakuu. Nimemaliza mafunzo, CPL (leseni ya urubani wa biashara) ninayo, kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani bila kutegemea kuona nje, ninacho, masaa 200 na ushei. Lengo langu ni ndege kubwa za abiria. Shule niliyosoma wameniambia nikifanya kozi ya ualimu watanipa kazi. Baba aliyenilipia ada ananiuliza, "Ulisomea urubani au ualimu?" na sijapata cha kumjibu. Wenzangu kadhaa wameamua kukaa tu kusubiri mashirika yatangaze nafasi.

Masaa ya kufundisha kwenye kindege cha injini moja yanahesabiwa kweli? Na wanaoajiri wanamwonaje mtu aliyetoka kufundisha? Naomba michango ya walio kwenye fani.

Kiti cha Nyuma

Mkuu, inategemea unataka kuruka chini ya mamlaka ipi. Marekani hukai hata kiti cha rubani msaidizi kwenye shirika la ndege bila ATP, leseni ya juu ya urubani wa mashirika, na hiyo kwa kawaida inadai masaa 1,500. Wenye shahada ya urubani kutoka vyuo vilivyoidhinishwa wanaruhusiwa wakiwa na 1,000, na marubani waliotoka jeshini 750. CPL ya huko kwa kawaida unaipata kwenye 250. Sasa pengo lote hilo utalijaza na nini? Wengi wanafundisha, maana ndiyo kazi inayompokea mtu mwenye masaa machache, tena wewe ndiye unalipwa.

Ulaya mambo ni tofauti. Mtu anaweza kuingia kiti cha kulia, yaani cha rubani msaidizi, cha Airbus A320 au Boeing 737 akiwa na masaa kama 200. ATPL kamili, ambayo ndiyo ATP ya huko, ataihitaji akitaka ukapteni. Huko wengi hawapitii ualimu kabisa.

Na ndiyo, yanahesabiwa. Mwalimu anayaandika kama rubani mkuu wa ndege, na masaa ya urubani mkuu ndiyo magumu kuyapata.

Upepo wa Mbele

Mimi nina maoni tofauti kidogo. Ukishazoea, masaa ya kuzunguka uwanja yanafanana: unapaa, unakata kona, unatua, unarudia. Jeti ina marubani wawili, otopailoti, kompyuta ya safari, hali ya hewa ya kila aina. Ukipata kazi ya kurusha mizigo au abiria wa kukodi, hata kwenye ndege ndogo, nenda huko.

Kiti cha Kulia

Nilifundisha, sasa niko kwenye jeti. Ndugu hapo juu, hiyo ya kufanana ni kweli kwa abiria anayeangalia dirishani. Chukua kutua peke yake. Mwanafunzi yuko futi chache juu ya njia ya kutulia, anaiogopa ardhi, anavuta usukani mapema. Pua inapanda, ndege inaelea, kasi inaisha, king'ora cha stoli (mbawa kushindwa kuibeba ndege) kinaanza kulia. Wewe mikono iko mapajani, vidole viko tayari. Ukimnyang'anya mapema hajifunzi kitu. Ukichelewa, mnaibamiza ndege. Uamuzi huo unaufanya tena na tena asubuhi moja, na kila mwanafunzi anakosea kwa namna yake.

Nilipoanza kuruka na makapteni nikakuta jicho limeshazoea kuliona kosa likiwa bado dogo, na mdomo umezoea kulitaja kwa utulivu: "kasi", "kimo". Kumfuatilia mwenzako anayerusha ni sehemu kubwa sana ya kazi yetu, na sijui kazi nyingine ya mwenye masaa machache inayokufundisha hilo vizuri hivyo.

Ila linda mikono yako. Mwalimu anaongea sana na kurusha kidogo, na kuruka kwa vyombo kunapotea upesi usipokufanya. Fuatilia kibali cha kufundisha kwa vyombo mapema, halafu cha injini mbili. Ukibaki miaka kwenye injini moja na jua la mchana, hapo Upepo wa Mbele atakuwa sahihi.

Mzee wa Simuleta

Kijana, mimi nafundisha na kukagua marubani wa shirika kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urukaji. Waliotoka ualimu nawatambua haraka. Taratibu wanazijua na wanasema wanachofanya. Mwanzoni kasi inawasumbua: wamezoea kukaribia njia kwa noti 65 (maili za baharini kwa saa), sasa ni 140 na mambo yanawapita. Wengine wanataka kufanya kila kitu wenyewe, kwa vile walizoea kuwa peke yao wanaojua. Yote hayo yanarekebishika.

Kuhusu idadi, hiyo sheria ya Marekani ilitokana na ajali ya ndege ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009. Watu 50 walikufa. Marubani wote wawili walikuwa wameshapita masaa 1,500. Onyo la stoli lilipokuja, kapteni aliuvuta usukani badala ya kuusukuma mbele. Mwalimu anarudia somo hilo hilo, pua chini kwanza, mpaka mwili unalijua kabla ya kichwa. Kwenye usaili nitakuuliza hayo masaa ulikuwa unafanya nini.

Mtarajiwa wa Anga

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimemsomea baba majibu yenu na ameelewa. Bado moja: shule ina ndege moja tu ya injini mbili na hairuki sana. Nianze hivyo hivyo?

Kiti cha Kulia

Anza, ila usisaini kabla hujauliza walimu wa pale wanaruka masaa mangapi kwa mwezi. Waulize walimu wenyewe, sio ofisi. Kuna shule zina walimu wengi kuliko wanafunzi, unakaa kwenye benchi. Angalia pia mkataba unakufunga kwa muda gani, maana shirika likikuita halitakusubiri mwaka mzima.

Na usikubali kupangiwa wanafunzi mfululizo mpaka unasinzia. Marekani sheria inamzuia mwalimu kupita masaa 8 ya kufundisha angani ndani ya masaa 24, na hata 8 ni mengi ukiwa na mwanafunzi anayeanza. Mitihani ya nadharia ya ATPL, kama mamlaka yako inaruhusu, ifanye sasa hivi wakati masomo bado yako kichwani. Ile ndege ya injini mbili utaifikia ukishapata wanafunzi wako mwenyewe wa CPL.