Ushauri: Kikundi chetu cha kusaidia yatima Makete, tusajili NGO au tubaki kikundi?

Katibu_Makete

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mawazo, hasa kwa mliowahi kupitia usajili wa mashirika huku kwetu Nyanda za Juu Kusini.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama na wazee wachache huku Makete. Tulianza kwa kuzikana na kuweka akiba. Wengi mnajua wilaya yetu ilivyopigwa na Ukimwi. Kuna nyumba bibi mmoja analea wajukuu watano na tegemeo lake ni kishamba cha viazi. Basi tukawa tunatenga sehemu ya mfuko wa jamii wa kikundi tunanunua sare na madaftari, na kwa wa sekondari tunapeleka mahindi na maharage ya chakula cha mchana. Leo kazi hiyo imekuwa kubwa kuliko ile ya kuzikana.

Tumesajiliwa halmashauri kama kikundi. Katiba ipo, muhuri upo, akaunti ya benki ina watia saini watatu. Sanduku la akiba lina kufuli tatu na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Tunakutana kila Jumatano, tunanunua hisa, tunakopeshana, Desemba tunavunja na kugawana.

Sasa binti wa mwanachama wetu anaishi Ujerumani, na marafiki zake wa huko wamechangishana. Wanataka kutuma kama milioni 24 kwa mwaka kwa ajili ya watoto. Barua yao inataka cheti cha NGO, hesabu zilizokaguliwa, na orodha ya watoto yenye picha na historia ya kila mmoja.

Mwenyekiti anasema tufungue kampuni isiyogawana faida, eti ndiyo njia ya haraka. Mhazini anaogopa kwamba tukiwa NGO serikali itaingia mpaka kwenye sanduku, na akina mama watakimbia. Mtendaji wa kijiji anasema cheti cha halmashauri kinatosha. Kila mmoja ana lake na barua inasubiri jibu.

Tuelekee wapi? Na hizi sheria zinazobadilika kila mara zinatugusaje? Sitaki watoto hawa waikose ada kwa sababu ya makaratasi.

Mzee wa Sae

Dada Katibu, hongereni sana kwa kazi hiyo. Habari ya kampuni iacheni kabisa, mlango huo ulishafungwa.

Mwaka 2019 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 3. Iligusa kwa mpigo mmoja Sheria ya Makampuni, Sheria ya Jumuiya, Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini na Sheria ya NGO. Kabla ya hapo mtu alichagua: huyu anakwenda BRELA wanakosajili kampuni, yule Wizara ya Mambo ya Ndani wanakosajili jumuiya, mwingine RITA wanakosajili wadhamini, na wote wakifanya kazi moja ya kusaidia jamii. Marekebisho yakampa kila mmoja eneo lake. Kampuni yenye ukomo wa dhamana, ndiyo hiyo isiyogawana faida anayoisema mwenyekiti wenu, ikabaki kwa mambo ya kukuza biashara na uwekezaji. Jumuiya ikabaki kwa ustawi wa wanachama wake wenyewe. Anayefanya maendeleo kwa ajili ya umma bila kugawana faida akapelekwa kwa Msajili wa NGO.

Shirika nililokuwa nalo hapa Mbeya lilikuwa BRELA, nasi tukapewa miezi miwili kuhama kama wengine wote. Katiba upya, viongozi upya, benki inadai nyaraka mpya, mfadhili naye anauliza kulikoni. Mkifungua kampuni leo kwa kazi ya yatima mtakuwa mnaingia palepale tulipotolewa.

Kihesa_77

Kamwene dada. Mtendaji wenu ana hoja, ila ameishia nusu njia.

Sheria ya NGO ya mwaka 2002, kwenye sehemu ya tafsiri, haikihesabu kikundi cha kijamii kuwa NGO. Kwa hiyo mkiendelea kuwasaidia watoto wa kijijini kwenu kwa michango yenu wenyewe, hakuna anayewadai cheti cha Msajili. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu NGO kuanzishwa chini ya mwavuli wa kikundi, na hapo ndipo penye jibu lenu.

Nyinyi mna vitu viwili ndani ya daftari moja. Cha kwanza ni sanduku. Hilo lina sheria yake, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kanuni zake za 2019. Vikundi vya aina yenu viko daraja la nne, wanachama kuanzia 10 hadi 50, na usajili wake unasimamiwa na halmashauri kwa madaraka iliyokasimiwa na Benki Kuu. Mwambieni mhazini asiogope: sanduku lina pa kusajiliwa hata kama Mjerumani asingeandika barua. Hakikisheni tu kama cheti mlichonacho ni cha huduma ndogo za fedha au ni kile cha zamani cha kikundi cha maendeleo. Watu wengi wanavichanganya.

Cha pili ni watoto. Hiyo ndiyo kazi ya NGO. Itoeni kwenye sanduku, ipeni katiba yake, akaunti yake na kitabu chake. Hela ya Ujerumani isiguse sanduku hata kwa usiku mmoja. Siku mwanachama atakapokopa fedha ya sare akachelewa kurejesha, mtakuwa mmeharibu vyote viwili.

Katibu_Makete

Kaka Kihesa, nashukuru mno, hapo umenifungua. Ila viongozi si watakuwa walewale? Kijiji chetu ni kidogo, wanaojua kuandika mihutasari tunahesabika. Na hiyo katiba ya pili tunainakili tu?

Kihesa_77

Baadhi ya watu kukaa pande zote mbili si tatizo. Jitahidini tu mhazini wa sanduku asiwe ndiye mhazini wa shirika.

Katiba msinakili. Angalia kifungu kimoja tu, kile cha kuvunja. Katiba ya sanduku inasema Desemba tunagawana, na ni haki yenu, ni jasho lenu. Katiba ya shirika haiwezi kusema hivyo hata siku moja. Iandikwe wazi kwamba mwanachama hapati mgawo, na shirika likifa mali iliyobaki inakwenda kwa shirika jingine lenye malengo kama yenu. Mkibeba kifungu cha mgawo kwenda nacho kwa Msajili, mtakuwa mmewasilisha kikundi cha akiba chenye jina la yatima.

Mkulima wa Uyole

Mnamzungusha dada wa watu bure. Pesa itumwe kwa simu ya katibu au ya huyo binti, watoto wapate sare, mambo yaishe. Makaratasi yote haya ni ya nini?

Mhasibu_Mafinga

Ndugu yangu wa Uyole, kwa heshima, huo ushauri utamweka katibu pabaya. Milioni 24 zikiingia kwa jina lake ni zake machoni pa TRA, watoza kodi, na machoni pa majirani. Akifa leo, warithi wake watadai mirathi. Tena tangu Oktoba 2022 hadi Juni 2025 Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kimataifa kuhusu utakatishaji wa fedha na ufadhili wa ugaidi, na mashirika yasiyo ya faida ni miongoni mwa maeneo yanayoangaliwa. Benki zimezoea kuuliza fedha imetoka wapi na inakwenda kwa nani. Fedha za nje zinazojirudia kwa mtu mmoja zitaulizwa.

Dada Katibu, na mimi nina langu moja: cheti cha NGO si msamaha wa kodi. Watu wengi huku wanaamini ni kitu kimoja. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, ili mtambulike kama taasisi ya hisani mnaomba kwa Kamishna wa TRA, naye anaangalia malengo na matumizi. Bila hapo mnahesabiwa kama walipakodi wengine. Chukueni TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya shirika mapema, na mkiajiri hata mlinzi mmoja ulizeni wajibu wenu wa kodi ya mshahara kabla hamjamlipa.

Mama Maendeleo

Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitasema upande wa utaratibu.

Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya yako. Ndiye msajili msaidizi, huna haja ya kupanda basi kwenda Dodoma. Maombi yanafanyika mtandaoni kwenye mfumo wa Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Mtahitaji katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na saini, wasifu na picha za viongozi, na barua ya utambulisho. Ngazi za usajili ni nne: wilaya, mkoa, taifa na kimataifa. Nyinyi ombeni wilaya. Nimeona vikundi vinaomba taifa kwa kupenda ukubwa wa jina, halafu ada na matarajio vinawaelemea.

Kupata cheti ndiyo sehemu nyepesi, mwanangu. Tangu marekebisho ya 2019 cheti kina uhai wa miaka kumi, kisha mnaomba upya. Lakini kila mwaka mnadaiwa taarifa ya kazi, hesabu zilizokaguliwa na ada. Hapa ndipo mashirika ya vijijini yanapofia. Mwaka wa kwanza wanaleta, wa pili katibu kaolewa Songea, wa tatu hakuna anayejua nywila ya mfumo. Nywila wajue watu wawili, na iandikwe mahali salama.

Na hiyo milioni 24 imevuka kiwango. Kanuni za NGO za mwaka 2018 ziliweka kwamba mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku kumi tangu kusainiwa. Basi mkishasaini tu, siku hiyohiyo nakala iende kwa afisa maendeleo. Pia mnatakiwa kuweka wazi kwa wananchi mlichopokea na mlichotumia. Kwa kijiji chenu, bandikeni kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na msome kwenye mkutano mkuu. Kufanya hivyo kunazima maneno mengi.

Jambo jingine: katiba isiseme mtalea watoto kituoni. Makao ya watoto yana leseni yake kutoka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Nyinyi mnawasaidia watoto wakiwa kwa bibi zao. Andikeni hivyohivyo.

Muuguzi_Tukuyu

Shikamoo Mama Maendeleo. Katibu, pole na hongera. Mimi nimeshtushwa na kile wote mmekipita: orodha yenye picha na historia ya kila mtoto.

Naomba nikuulize. Kwenye daftari lenu la watoto mmeandika nini?

Katibu_Makete

Dada, ni kauntabuku. Jina la mtoto, umri, shule, darasa, jina la bibi au mlezi. Halafu safu ya mwisho mtangulizi wangu aliandika sababu ya kifo cha wazazi, na kwa wachache akaandika kama mtoto yuko kwenye dawa. Alitaka tujue nani wa kumsaidia kwanza. Linakaa kwenye kabati la ofisi ya kijiji.

Muuguzi_Tukuyu

Nimekuelewa, na najua aliandika kwa huruma. Lakini hiyo safu ya mwisho ndiyo inayonikosesha raha.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Taarifa za watoto na taarifa za afya ni taarifa nyeti. Anayezikusanya anatakiwa kusajiliwa na Tume, awe na sababu, awe na ridhaa, azitunze salama, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Kwa upande wa VVU hali ni nzito zaidi, maana Sheria ya Ukimwi ya 2008 ilishaweka usiri wa majibu ya mtu.

Weka sheria pembeni kidogo. Mtoto wa darasa la tano leo, kesho kutwa atakuwa kijana anatafuta kazi Njombe au mchumba Mbalizi, na picha yake iko kwenye ukurasa wa mtu huko Ulaya: huyu ni yatima wa Ukimwi, anaishi na virusi. Hajaulizwa. Bibi yake alibandika dole gumba kwa sababu alihitaji sare ya mjukuu. Nimekaa na vijana wa aina hiyo kliniki. Wanaacha dawa kwa sababu mtu mmoja tu amewatambua.

Kwa hiyo daftari litoke leo kwenye kabati la ofisi ya kijiji. Anzisheni jipya lisilo na safu ile. Kuhusu dawa za mtoto, wakijua mlezi na kituo cha afya, inatosha. Wafadhili wapelekeeni namba ya mtoto, darasa, jinsia na mahitaji. Mkitaka picha, pigeni ya sare zimepangwa mezani au watoto wakitembea kwa nyuma. Waelezeni sababu. Huko kwao sheria za faragha ni kali, wataelewa haraka kuliko mnavyodhani.

Katibu_Makete

Dada Muuguzi, nimesoma jibu lako kwa sauti mbele ya mwenyekiti. Daftari tumelitoa ofisini jioni hii na liko kwangu, limefungiwa. La zamani tulichome au tulitunze?

Muuguzi_Tukuyu

Msilichome kabla hamjahamisha majina na rekodi za mlichotoa, maana mkaguzi atazihitaji. Mkishahamisha, ile safu iharibiwe mbele ya viongozi na iandikwe kwenye muhtasari kwamba imeharibiwa. Yaliyomo msiyarudie humo.

Mzee wa Sae

Dada, na kwa kuwa Jumatano mnakutana, ajenda ya sanduku imalizeni kwanza, fungeni kikao. Halafu fungueni kikao kingine cha waanzilishi wa shirika, chenye muhtasari wake na saini za waliokubali tu. Wasiotaka wabaki kwenye sanduku bila kinyongo. Na barua ya Ujerumani ijibuni sasa, msingoje cheti. Waambieni mko hatua gani, orodha yenye historia za watoto hamtaitoa na kwa nini, na waombeni fedha isitumwe mpaka akaunti ya shirika ifunguliwe.