Jamaa wa vifurushi pale stendi Malindi, leo umeniua!

Mwana_wa_Barani:
Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye mswaki mdomoni tangu alfajiri mpaka adhuhuri.

Nimetumiwa kimeng'enya kutoka Nairobi, kile cha kunakili RNA iwe DNA. Protini iliyosafishwa, makao yake ni friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kimefungwa kwenye boksi la stairofomu, vifuko vya barafu pande zote, na juu wino mwekundu, herufi kubwa kama mlango: WEKA BARIDI. Basi limefika saa kumi na mbili asubuhi. Mimi napigiwa simu saa nane mchana!

Nafika, boksi liko wazi. Barafu yangu ameilaza juu ya changu wake kwenye karai. Ati lilikuwa linalowesha mizigo ya watu. Kisha akakishika kichupa kwa vidole viwili, akakitikisa sikioni kama anayesikiliza dafu, akaniambia: "Kaka, umeibiwa. Hiki kitupu."

Kitupu! Mle mna maikrolita 50, tone moja, ndivyo kinavyouzwa! Nimetoa pesa ya karo. Miezi minne nashinda mitaa ya Maweni na Kisumu Ndogo nikitega mbu, natafuta kirusi cha kidingapopo, ambacho jeni zake ni RNA, mtu anakitikisa sikioni! Chini ya bati lile, ambalo hata mjusi halikai!

Shida_za_Shela:
Huyo huyo! Alikalia keki ya harusi ya dadangu. Ngazi tatu, ikafika chapati.

Bin_Kipini:
Protini tone moja kwa pesa ya karo? Si ungenunua kunde, ukapata gunia.

Mpwani_Maabara:
Pole ndugu yangu. Usikitupe lakini. Chetu kilisahauliwa mezani usiku kucha na PCR, ile ya kurudufu DNA, ikatoka safi.

Mwana_wa_Barani:
Chenu ni kimeng'enya cha Taq! Asili yake bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, kinachemshwa nyuzi 95 na hakijali. Changu asili yake kirusi cha panya, kazi yake nyuzi 37, na nje ya baridi kinachoka saa kwa saa. Na hicho ndicho alichokitikisa. Sikioni!

Mpwani_Maabara:
Basi kijaribu kwanza na RNA usiyoionea uchungu. Mbu wako waache kwenye friza.

Mwana_wa_Barani:
Usiku huu huu. Lakini "kitupu", jamani!

Mama_Achari:
Wewe una tone. Mimi nilituma chupa sita za achari ya maembe, zikafika tano, na ya tano imeonjwa. Kijiko kimo ndani!

Shida_za_Shela:
Mama, achari inaonjwa. Keki imekaliwa.

Bin_Kipini:
Kosa ni mizigo ya Lamu, inarundikwa juu ya yetu.

Mkunguni_Kwetu:
Lamu mtuondoe! Nyinyi mnashushiwa mlangoni. Sisi wa kisiwani mzigo unaachwa Mokowe, kule bara, ungoje boti, boti lingoje abiria, ukifika gatini mchukuzi anataka hela na mwenye punda naye anataka yake. Juzi nimelipia unga mara tatu.

Bin_Kipini:
Mara tatu? Punda anachukua ngapi siku hizi?

Mkunguni_Kwetu:
Usiniulize, nitalia.

Mama_Achari:
Kuna anayekwenda Lamu kesho? Nina kindoo cha achari. Akipakate, asikitie buti.