Melanoma ya jicho iliyofika kwenye ini: tupime jeni gani zaidi?

BenchiLaMaabara
Habari za kazi wakuu. Tuna biopsi ya ini ya mgonjwa aliyetolewa jicho miaka 4 iliyopita kwa melanoma (saratani ya seli za rangi) ya koroidi, tabaka la mishipa ya damu ndani ya jicho. Majibu ya paneli (kipimo cha jeni nyingi kwa pamoja): hitilafu ya jeni GNA11 iitwayo Q209L ipo, jeni BAP1 imeharibika, kromosomu 3 imebaki moja, 8q (mkono mrefu wa kromosomu 8) imeongezeka, jeni BRAF haina hitilafu. Daktari anauliza kama dawa za BRAF zina nafasi, na kama kuna kipimo tumekiruka. Tishu iliyobaki kwenye parafini ni kipande cha sindano cha sentimita 1 hivi, cheusi tii.

Kromosomu3
BRAF iacheni kabisa, mkuu. Dawa zile zinalenga hitilafu ya melanoma ya ngozi. Ya koroidi huanzia jeni GNAQ au GNA11, mara nyingi kodoni (nafasi kwenye jeni) ya 209, mara chache 183. Zote mbili zikikosekana, tazama jeni CYSLTR2 na PLCB4. Hitilafu hizo huwasha ishara ya kukua isizimike, lakini hata baka la kawaida la koroidi lisilo saratani huwa nazo. Kwa hiyo GNA11 hapo inawathibitishia uvimbe wa ini umetoka jichoni, basi.

Kinachoamua kusambaa ni hitilafu ya pili, kwenye moja ya jeni hizi: EIF1AX hatari ndogo, SF3B1 husambaa kwa kuchelewa, BAP1 hatari kubwa. BAP1 inakaa kwenye kromosomu 3. Moja ikipotea, na nakala iliyobaki nayo ikaharibika, seli haina tena akiba. Ila ugonjwa umeshafika kwenye ini, kwa hiyo kuendelea kupima uwezekano wa kusambaa ni kumaliza tishu bure.

DawaNaDamu
Kipimo mlichoruka kinafanyika kwenye damu: HLA-A*02:01, aina moja ya HLA, protini za juu ya seli zinazoonyesha vipande vya protini kwa kinga ya mwili. Mrija mmoja wa EDTA, kifuniko cha zambarau, na utumwe leo. Tebentafusp, dawa ya kinga ya melanoma ya jicho iliyoidhinishwa Marekani Januari 2022, hufanya kazi kwa wenye aina hiyo tu, kwa sababu inashika kipande cha gp100, protini ya seli za rangi, kikiwa kimebebwa na HLA hiyo. Katika jaribio la wagonjwa 378, asilimia 73 ya waliopewa walikuwa hai baada ya mwaka 1, dhidi ya asilimia 59 wa kundi la pili lililopewa dawa nyingine.

Kwenye fomu andikeni mnataka majibu ya tarakimu nne (mfano 02:01). Jibu la "A*02" peke yake halitoshi. A*02:02 na A*02:05 zipo kwa Waafrika wengi, na dawa imeidhinishwa kwa 02:01. Wodi nayo ijiandae: dozi ni mikrogramu 20, wiki inayofuata 30, ya tatu 68, kisha 68 kila wiki. Baada ya kila moja ya dozi tatu za mwanzo mgonjwa aangaliwe saa 16 au zaidi, maana homa na kushuka kwa presha huja ndani ya saa chache.

Kromosomu3
Naongezea: damu hiyohiyo ipimeni BAP1 ya kurithi. Ikiwepo, kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuibeba, pamoja na hatari ya mesothelioma (saratani ya utando wa mapafu au tumbo), saratani ya figo na melanoma ya ngozi. Tafadhali familia isisahaulike hapa. Na kama paneli inaonyesha mabadiliko mengi kupita kawaida ya ugonjwa huu, tafuteni hitilafu ya MBD4, jeni ya kurekebisha DNA. Hao ndio wanaoweza kunufaika na dawa za kufungua kinga.

BenchiLaMaabara
Asanteni sana. DNA tuliyotoa ina rangi ya kahawia, mashine ya mwanga inasoma kiasi kikubwa, lakini PCR (kipimo cha kunakilisha DNA) haipandi.

KipandeChaParafini
Hiyo ni melanini, rangi nyeusi ya seli za uvimbe. Inanyonya mwanga, ndiyo maana kipimo kinadanganya, halafu inaizuia polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA. Pimeni kiasi kwa rangi ya floresensi, safisheni tena kwa kolamu, kisha punguzeni mara 10 na kuongeza BSA (protini ya albumini) kwenye mchanganyiko.

Mkifanya imunohistokemia (kupaka rangi protini kwenye slaidi) ya BAP1, tumieni rangi nyekundu badala ya kahawia, la sivyo melanini itasomwa kama jibu. Someni kiini cha seli tu. Rangi ikibaki kwenye saitoplazimu huku kiini kitupu, hesabuni BAP1 imepotea. Limfosaiti (seli nyeupe za damu) za pembeni, ambazo zina BAP1 ya kawaida, lazima viini vyake vishike rangi. Visiposhika, slaidi hiyo haisomeki, rudieni.