Penseli ya mtoto: ni yake au ni ya darasa?

Mzazi, Umoja

Wazazi wenzangu na walimu, naomba tulijadili jambo hili. Limenikaa moyoni tangu shule zifunguliwe.

Binti yangu yuko Gredi ya 2 katika shule ya umma huku Eastlands, Nairobi. Siku ya kwanza alienda na penseli sita, raba, kichongeo na pakiti ya kreyoni aliyonunuliwa na nyanya yake kule Machakos. Nyanya mwenyewe aliketi akaandika jina la mtoto kwenye kila kreyoni, moja baada ya nyingine. Jioni mtoto alirudi na mkoba mwepesi. Mwalimu alikuwa amekusanya vitu vya watoto wote akavitia katika mikebe mitatu mbele ya darasa, na anayehitaji kitu anachukua chochote kilichomo. Penseli hakuzililia. Alililia kreyoni ya zambarau, aliyoiona mikononi mwa mwenzake imevunjika vipande viwili, jina lake likiwa bado juu.

Mimi mkebe huo naupinga, na si kwa uchoyo. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo Januari 2003 nilikuwa darasa la tatu. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na 650 kati ya hizo zilikuwa za vitabu, madaftari, penseli na vifaa kama hivyo. Daftari likijaa unampelekea mwalimu, analipekua hadi ukurasa wa mwisho, anakata pembe ya jalada, unapewa jipya. Tulijua ni la shule, hakuna aliyenung'unika. Mgao ukapanda hadi 1,420, na bado naletewa orodha: penseli, rimu mbili za karatasi, tishu nne, karatasi za manila. Nikinunua mimi, ni mali ya mwanangu. Ikiwa ni ya darasa, shule inunue. Mtoto wa miaka saba hujifunza kutunza kitu anapojua ni chake. Nimeuona mkebe wenyewe: penseli zimetafunwa, ncha hazina, hakuna anayejali.

Mwalimu wa Gredi ya 2, Kayole

Mama, pole kwa kreyoni ya binti. Kitu kilichoandikwa jina na nyanya hakikufaa kuingia mkebeni, na hapo mwalimu mwenzangu alikosea.

Ila niruhusu nieleze mkebe unatoka wapi. Darasani kwangu wako watoto 71. Nikisema toeni penseli, kumi na watano hawana. Wengine kwao hakuna hela. Wengine zimepotea njiani. Na kila juma kuna aliyechukuliwa yake na mwenzake, na huyo aliyechukua ni mtoto wa miaka saba ambaye asubuhi hiyo alikuja mikono mitupu akaogopa kuniambia. Somo la watoto hawa ni la nusu saa. Dakika kumi zilikuwa zinakwisha nikisikiliza kesi za penseli, huyu analia, yule anaapa. Tangu niweke mkebe, kesi hizo zimekwisha na wote 71 wanaandika.

Kuhusu mgao, hizo 1,420 zigawanye kwa mihula mitatu. Ni kama shilingi 473 kwa mtoto, na dukani rimu moja tu inazipita. Humo humo shule inatafuta chaki, maji, umeme, na kurekebisha dawati lililovunjika. Tena fedha hazifiki siku ya kufungua. Zinakuja kwa mafungu, muhula umeshika kasi. Mtoto asiye na penseli leo Jumatatu nimwambie angoje fungu lipi?

Kuna jingine ambalo huenda mzazi halioni kwa kuwa hayupo. Dawati moja wamekaa watatu. Mmoja ana kreyoni ishirini na nne, mmoja ana nane, wa tatu ana kipande alichookota. Huyo wa tatu hachori. Anatazama tu.

Baba wa watoto watatu, Kariobangi

Mwalimu, heshima yako. Mama, nakuelewa. Lakini mimi naona penseli ni jambo dogo, kubwa ni ile orodha. Mimi ni fundi wa kuchomelea, na Januari nilipokea orodha tatu kwa siku moja.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Malipo mengine lazima yaidhinishwe na Waziri wa Elimu kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na asiyeweza kulipa hazuiwi kuhudhuria shule. Tena, anayekusanya lazima atoe risiti rasmi. Niliomba risiti ya rimu zangu, nikaambiwa rimu hazina risiti. Mwaka juzi kijana wangu wa pili alirudishwa nyumbani kwa kukosa rimu moja. Siku mbili alikaa karakana nami akiniokotea vipande vya vyuma.

Tupige hesabu. Darasa la watoto 70, rimu mbili kila mmoja, ni rimu 140. Hizo ni karatasi 70,000 kwa darasa moja, karatasi 1,000 kwa kila mtoto. Nani ameziona darasani? Penseli naweza kwenda kuiona mkebeni. Rimu zikishapita mlango wa ofisi sizioni tena.

Mzazi, Umoja

Baba, hesabu hiyo nimeirudia kwa kikokotoo, na nitaipeleka kwenye mkutano wa wazazi. Orodha iandikwe kila kitu ni cha kazi gani, kiasi gani, na risiti itoke. Kama ni malipo, yapitie njia ya malipo.

Mwalimu, huyo wa tatu anayetazama tu amenitoa machozi. Penseli ziende mkebeni, nimekubali. Lakini mtuambie kabla ya kununua, ili nyanya asikeshe akiandika majina, nami nimtayarishe mtoto kwamba hizi anampelekea mwenzake pia. Zawadi ya nyumbani ibaki mkobani. Hapo sitarudi nyuma, kwa sababu mtoto aliyenyang'anywa hajafundishwa kugawa.

Nikuulize: zile penseli zote za mkebeni, nani anazichonga?

Mwalimu wa Gredi ya 2, Kayole

Ni mimi, mama. Jioni, wakishaenda nyumbani. Lakini tangu wiki jana nimewaachia wawili wawili kwa zamu, na mpaka sasa hakuna aliyekataa zamu yake.