Gego la sita la Glory

*Kikundi: Familia ya Babu, Kibosho*

*Jumamosi jioni*

Mama Glory: Shikamooni wakubwa. Naomba ushauri. Glory analalamika jino la chini nyuma, kulia. Nimemulika na tochi ya simu nikaona kitundu cheusi, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Akinywa maji ya baridi anashika shavu.

Shangazi Eli: Marahaba. Pole yake jamani. Mpe karafuu aume.

Anko Godi: Niko hapa kwa Bibi, anasema marahaba. Anasema mtoto wa miaka 7 msimhangaishe, hilo ni jino la utoto, litang'oka liote jingine. Ninyi wote mmetupa meno juu ya paa hapa nyumbani.

Baba Mdogo Frank: Hata mimi najua hivyo. Halafu wapendwa, mchango wa kipaimara mwisho Jumanne.

Dada Upendo: Shikamoo Bibi, shikamooni wote. Ndiyo nimetoka zamu kliniki ya meno. Bibi, kwa heshima zote, naomba tusiseme litang'oka kabla hatujahesabu. Mama Glory, mwambie afungue mdomo. Anzia jino la mbele kabisa pale katikati, hesabu kwenda nyuma upande huo unaouma. Kama kuna pengo, nalo lihesabu. Kitundu kiko kwenye la ngapi?

Mama Glory: Subiri anaoga

Mama Glory: La sita. Nimerudia mara mbili. Ndilo la mwisho kabisa.

Dada Upendo: Basi hilo si la utoto, mdogo wangu. Meno ya utoto ni 20 tu, matano kila upande, juu na chini. La sita ni gego la ukubwani. Linaota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, linatokea nyuma ya mengine bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana mzazi hajui hata limeota lini. Chini yake hakuna jingine linalosubiri. Anatakiwa alitumie mpaka uzeeni.

Mama Glory: Mungu wangu. Na mimi tangu mwezi wa tatu nasema tusubiri ling'oke

Dada Upendo: Usijilaumu. Karibu kila wiki napokea mama aliyesubiri hivyo hivyo.

Anko Godi: Bibi anauliza, mfupa ukivunjika unaunga wenyewe, jino linashindwaje?

Dada Upendo: Mwambieni Bibi ameuliza swali zuri sana. Mfupa una damu na chembe hai zinazoujenga upya. Lile ganda gumu la juu la jino halina. Chembe zilizolijenga zinakwisha jino likishatokeza kwenye ufizi, kwa hiyo hakuna fundi aliyebaki wa kuziba ufa. Kiini cha ndani kinaweza kujiongezea ukuta kidogo ili kujikinga, ila tundu lenyewe halijifungi. Kinachoweza kurudi ni hatua ya kabla ya tundu: utaona doa jeupe kama chaki. Hapo madini yanarudi kwa mate, mswaki mara mbili kwa siku na dawa ya meno yenye floraidi, na kupunguza pipi na soda. Likishatoboka, ni la kuzibwa.

Baba Mdogo Frank: Mbona kuna video inazunguka, Wajapani wana dawa ya kuotesha meno?

Dada Upendo: Baba Mdogo, kujaribu wanajaribu kweli. Mwaka 2024 walianza kuijaribu kwa watu wazima huko Kyoto, na lengo lao la kwanza ni waliozaliwa na meno pungufu. Haijaanza kuuzwa popote. Ukikuta mtu stendi anauza chupa ya kuotesha meno, usimpe hela yako.

Rose Maji ya Chai: Dada, naomba niulize hapo hapo. Junior wangu ya mbele yameota na rangi ya kahawia. Ndiyo yameoza?

Dada Upendo: Hapana Rose. Kwa huko kwenu Maji ya Chai hiyo mara nyingi ni floraidi ya maji. Kidogo inalinda jino, ikizidi inaliharibu wakati linajengwa ndani ya taya. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi chini ya Mlima Meru vinapita hapo. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki. Hiyo rangi kwa mswaki haitoki, usimsugue mtoto ufizi. Ila mdogo wake Junior bado anaokolewa: akingiwe maji ya mvua ya kunywa, na magadi kwenye makande yake uache, nayo yana floraidi. Pale Ngurdoto wanachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ulizia.

Shangazi Eli: Sasa Glory apelekwe lini?

Dada Upendo: Jumatatu asubuhi. Kwa sasa maumivu yanakuja na baridi halafu yanaondoka, kwa hiyo huenda halijafika kwenye kiini, linazibika. Likianza kuuma lenyewe na kumwamsha usiku, tutaongelea matibabu ya mzizi au kung'oa. Shavu likivimba akawa na homa, au akashindwa kufungua mdomo au kumeza, msingoje Jumatatu, hata saa nane usiku mpelekeni. Na tafadhali msimnunulie amoksilini dukani, tundu litabaki pale pale. Karafuu inatuliza tu. Aspirini msiweke kwenye ufizi, inaunguza.

*Jumatatu*

Mama Glory: Tumetoka hospitali ya Mawenzi. Daktari amekwangua palipooza, ameziba. Amesema tumewahi. La sita la upande wa pili bado zima ila lina mifereji mirefu, nalo amelipaka kinga. Glory hakulia.

Shangazi Eli: Asante Yesu 🙏🏾

Anko Godi: Bibi amewapanga wajukuu wote kibarazani, anawahesabu meno kwa tochi. Kwa Vanessa ameona la sita, chini kushoto, lina doa jeupe. Anauliza ndiyo ile chaki?

Dada Upendo: Inawezekana kabisa. Bibi una macho! Mleteni Vanessa Alhamisi, niko zamu ya asubuhi.