Picha ndogo za rangi za mafuta ughaibuni: nichore ya hapa au ya nyumbani?

Mwana wa Chumbageni ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa tatu nikiishi The Hague, Uholanzi, ambako ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwa jinsi zamu zetu zinavyopangwa ninabaki na asubuhi mbili tu kwa wiki ambazo ni zangu. Tangu mwaka jana asubuhi hizo nimezitoa kwa uchoraji wa rangi za mafuta. Ninachora juu ya vibao vya sentimita 13 kwa 18, kwa sababu chumba nilichopanga hakina pa kuweka turubai kubwa, na kwa sababu kibao cha kiasi hicho ninaweza kukianza na kukimaliza kwa kikao kimoja.

Mwanzoni nilichora nyumbani tu. Nilitumiwa picha za simu kutoka Tanga, nikachora mama anayekaanga mihogo Ngamiani, vijana wanaoosha samaki ufukweni, na baiskeli zilizoegemezwa ukutani nje ya msikiti siku ya Ijumaa. Nilijitahidi sana, lakini kila nikimaliza naona picha imelala. Uso wa yule mama ulitoka kama umepakwa masizi, na kivuli cha paa kikawa shimo jeusi. Kisha, miezi minne iliyopita, nilichoka nikachora sinki la jikoni pamoja na kikombe changu, na picha hiyo ikawa hai kuliko zote nilizotangulia kuzichora. Tangu hapo nimechora kituo cha tramu chini ya dirisha langu, mzee mmoja akimenya chungwa, na nguo zangu za kazi zilizoanikwa chumbani.

Tatizo ni kwamba nilipozituma nyumbani, shangazi yangu aliniuliza kwa upole kabisa kwa nini siku hizi sichori kwetu, na kama nimekwisha kuwa mtu wa huko. Swali hilo limekaa moyoni. Ningependa kusikia kutoka kwa wenzangu mnaochora mkiwa mbali: je, mmelitatuaje?

Nina maswali mengine mawili ya kiufundi. Mwenye nyumba amelalamika kuhusu harufu ya tapentaini, na amesema nikiendelea nitafute pengine. Pia, tangu baridi ianze, vibao vyangu havikauki. Nimevipanga ndani ya kabati la nguo ili visishike vumbi, na baada ya wiki tatu bado vinanata kidole.

Fundi wa Vibao amejibu:

Karibu sana, dada. Nilichora miaka kumi na mmoja nikiwa Aarhus, Denmark, kabla ya kurudi Mombasa, kwa hiyo chumba chako ninakijua hata bila kukiona. Nianze na kabati, kwa sababu hapo ndipo unapojiumiza bila kujua.

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo inavyokauka, kwa maji kuondoka. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake yanavuta oksijeni kutoka hewani, na polepole yanageuka kuwa ngozi ngumu. Ukivifungia vibao kabatini, unavinyima hewa na mwanga kwa wakati mmoja. Tena mafuta ya kitani yakikauka gizani hugeuka manjano, na utaona nyeupe zako zimekuwa kama siagi. Zikirudishwa kwenye mwanga hupungua unjano huo, lakini hakuna haja ya kuzifikisha huko. Vitoe. Tafuta rafu nyembamba karibu na dirisha, uvisimamishe vikielekea ukutani kwa mwinamo ili vumbi lisitue juu ya rangi, na uache nafasi ya kidole kati ya kibao na kibao.

Angalia pia rangi unazotumia. Kahawia ya udongo uliochomwa hukauka upesi kwa sababu ina manganizi ndani yake, ilhali nyeupe ya titani na nyekundu za kadimiamu huchelewa. Kama picha zako za baridi zina nyeupe nyingi, na ninadhani zinayo, basi zitachelewa hata ukivipanga vibao vizuri namna gani. Unaweza kuchanganya kiasi kidogo cha mafuta yenye alkidi, yaani utomvu wa kiwandani unaoharakisha kukauka, ambayo yanauzwa katika maduka ya vifaa vya sanaa, na safu nyembamba itashika kwa siku moja au mbili. Ukirudia juu ya kibao ambacho kilianza kukauka, hakikisha tabaka la juu lina mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo la juu litakauka kwanza na kupasuka.

Kuhusu harufu, acha tapentaini kabisa. Kwa kibao cha sentimita 18 huihitaji. Rangi ikiwa ngumu, ilainishe kwa tone la mafuta ya kitani au ya jozi. Brashi zifute kwa tambara, zioshe kwa mafuta ya kawaida ya kupikia mpaka rangi itoke, kisha umalizie kwa sabuni ya kipande na maji ya vuguvugu. Usikubali mtu akuambie kwamba vile viyeyusho visivyo na harufu havina madhara. Mvuke wake upo, ila pua haiusikii, na wewe unalala katika chumba hicho hicho.

Jambo moja ninakuomba ulitilie maanani kuliko yote niliyosema. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje na kuyatupa katika ndoo. Yale mafuta yanapovuta oksijeni hutoa joto, na joto likikosa pa kutokea katikati ya fundo la nguo, tambara linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yatandaze moja moja yakauke, au yaloweshe maji na uyafunge katika kopo la bati lenye kifuniko. Nimeshuhudia ndoo ikitoa moshi saa nane za usiku katika jengo lenye familia sita.

Swali lako la kwanza ninawaachia wengine.

Binti wa Marangu amejibu:

Dada, nimelisoma swali la shangazi yako mara mbili, na ninadhani anastahili jibu kamili.

Mimi natoka Kilimanjaro, na kila mara linapozuka suala hili ninamkumbuka Sam Ntiro, mtu wa kwetu. Alisomea uchoraji Makerere kwa Margaret Trowell, kisha katika miaka ya 1950 akaenda London kusoma katika chuo cha Slade, na baadaye akarudi mji huo huo akiwa Balozi wa Tanganyika. Pamoja na kuishi huko, alichoendelea kuchora kwa mafuta ni maisha ya Wachagga: migomba, watu kazini shambani, vijia vya mlimani. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku iko katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, na si kubwa, kama sentimita 41 kwa 51. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa mbali na bado akachora kwao, na picha ikasimama.

Lakini Ntiro hakuwa akinakili fotografia. Alichora kwa kumbukumbu. Ndiyo sababu watu wake ni wepesi wa umbo, na migomba yake imepangwa kama anavyoikumbuka mtu aliyepita chini yake kila siku akienda shule. Nionavyo mimi, picha zako za nyumbani zililala kwa sababu ya simu, wala si kwa sababu ya Tanga. Chukua mfano wa mama wa mihogo. Mtu aliyekaa chini ya paa la makuti saa sita mchana hayuko gizani hata kidogo. Mchanga unaong'aa mbele yake unarudisha mwanga juu, na ukimtazama kwa macho yako utaona upande wa chini wa kidevu chake una joto la rangi ya chungwa, na hata chini ya nyusi pana mwanga. Simu haiwezi kubeba mchanga mkali na uso wa kivulini kwa pamoja. Inachagua mchanga, na uso inauzamisha. Wewe ukaja ukauchora huo weusi kwa uaminifu, na moyo wako ukakataa kwa sababu unamjua yule mama.

Jaribu kuziweka picha zote za simu mbali kwa mwezi mmoja. Kaa na penseli, uandike kwa maneno unachokikumbuka kuhusu ile meza ya mihogo: moshi ulielekea wapi, ndimu zilikatwaje, pilipili iliwekwa katika kopo la aina gani. Yale unayoyakumbuka ndiyo ya kuchora. Yale uliyoyasahau yaache yawe rangi tupu.

Mpita Njia wa Delft amejibu:

Ninaheshimu aliyosema Binti wa Marangu, ila ningemwelekeza dada upande mwingine kidogo. Kumbukumbu inataka mazoezi ya jicho, na jicho linafunzwa na kitu kilicho mbele yako. Nami ninaishi jirani yako, mwendo wa robo saa kwa treni.

Nenda kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Mauritshuis, liko katika mji wako. Tafuta picha ya ndege ya Carel Fabritius ya mwaka 1654, yule ndege mdogo aliyefungwa mnyororo kwenye kisanduku chake cha chakula. Picha nzima ina kimo cha sentimita 33 na nusu. Kisha tafuta picha ya stroberi ya Adriaen Coorte ya mwaka 1705, ambayo ni ndogo zaidi, sentimita 16 na nusu kwa 14, karibu sawa na vibao vyako. Simama mbele yake dakika ishirini. Ni lundo la matunda tu juu ya ukingo wa jiwe, na nyuma yake giza, lakini kila tunda limetazamwa peke yake.

Kisha rudi chumbani kwako. Mwezi Desemba hapa jua linachomoza karibu saa tatu kasoro asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni, na hata likiwepo liko chini, likipita katika mawingu. Usilionee chuki. Changanya buluu ya altramarini na kahawia ya udongo uliochomwa, uongeze nyeupe kidogo kidogo, na utapata kijivu cha moto na kijivu cha baridi zaidi ya kumi kutoka katika mirija mitatu. Mtu aliyekulia kwenye jua la pwani anaziona tofauti hizo vizuri sana, kwa sababu kwake si za kawaida. Halafu wewe ni mtu wa Tanga, mji ambao kila Mtanzania anaujua kwa baiskeli, na umekuja kuishi katika nchi ya baiskeli. Nani atazichora baiskeli za hapa kwa jicho kama lako?

Mwana wa Chumbageni amejibu:

Nawashukuru kwa dhati nyote watatu. Vibao vimetoka kabatini siku ile ile, na kweli nyeupe zilikuwa zimeanza kugeuka. Sasa viko dirishani. Tapentaini niliyokuwa nayo nimeipeleka mahali pa kukusanyia taka za kemikali, na mwenye nyumba nimemwambia.

Jumanne nilikuwa na asubuhi yangu. Nilikuwa nimefua usiku, na kwa kuwa hakuna kamba nje nilitandika kanga yangu juu ya kile kipasha joto cha ukutani, ile nyekundu yenye mji mweupe ambayo shangazi mwenyewe alinipa nilipokuwa nasafiri. Nilipokaa kuchora kituo cha tramu kama kawaida, nikaiona. Upande uliokuwa karibu na dirisha ulikuwa wa kijivu, baridi kabisa, hata wekundu wake ulielekea zambarau. Lakini pindo la chini, lililoning'inia karibu na sakafu ya mbao, lilipokea mwanga kutoka sakafuni likawa na joto lile lile alilolisema Binti wa Marangu chini ya kidevu cha mama wa mihogo. Nilikaa nalo muda mrefu bila kushika brashi.

Nimeichora kwa kikao kimoja cha saa mbili na nusu. Maandishi ya kanga hayasomeki, kwa kuwa katika kibao cha kiasi kile yamekuwa vidoa sita vyeusi, na moja nililikosea nikalikwangua kwa kisu nikaliweka upya. Nje ya dirisha nimeweka tramu kwa mstari mmoja wa manjano. Nilimtumia shangazi picha ya kibao hicho bila maelezo. Alijibu baada ya dakika chache kwamba pindo limeanza kufumuka upande wa kushoto, na kwamba nilishone kabla halijaendelea.

Nilikwenda nikaangalia, na ni kweli limefumuka. Nilikuwa nimelichora bila kuliona.

Nina swali moja la mwisho kwa Fundi wa Vibao: hadibodi ninayoikata mwenyewe imeanza kupinda baada ya kuipaka jeso, ile rangi nyeupe ya kuandalia ubao kabla ya kuchora, upande wa mbele. Je, niipake na nyuma pia?

Fundi wa Vibao amejibu:

Ndiyo, ipake pande zote mbili na kingo zote nne, siku hiyo hiyo, kwa sababu upande mmoja ukiwa wazi unavuta unyevunyevu na mwingine hauvuti, na ubao hufuata unaovuta. Iliyokwisha kupinda ipake nyuma sasa, uiache chini ya vitabu vizito usiku mmoja baada ya jeso kukauka. Na kibao cha kanga usikipake vanishi kabla ya miezi sita.