Tupeane uzoefu: kuunganisha vipande vya video bila sauti kupishana na midomo

FundiWaRau
Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, nashuti sherehe. Sina studio ya maana, ni chumba kimoja hapa Rau, laptopu moja na feni. Leo nataka tuongelee kitu kimoja tu: unaunganisha vipande, mwanzoni kila kitu safi, ukifika mbele midomo iko huku na sauti iko kule. Aliyewahi kuumia aseme aliumiaje na alijinasuaje.

Naanza mimi. Jumamosi nilikuwa na sendofu Pasua. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, anakaribia kuingia, betri ya kamera ikazima na ya akiba nimeiacha nyumbani kwenye chaji. Nikaendelea na simu kama dakika 50, imechomekwa pawabenki. Jumapili nikaunganisha vyote kwa programu ya bure, nikaangalia dakika tatu za mwanzo, nikaona kazi imeisha, nikalala.

Jumatatu baba wa binti kaja kukagua, kakaa pembeni yangu kwenye ndoo. Tunafika pale baba mdogo anatoa nasaha. Kwenye picha ukumbi mzima umeinama kwa kicheko, mama mmoja anajifuta machozi kwa kitenge, na sauti ya baba mdogo ndiyo kwanza inasema, "Sasa siku moja huyu binti..." Mzee akanigeukia taratibu: "Kijana, hawa walijuaje atakachosema?"

Sikuwa na jibu.

Chalii_Sakina
Mangi pole, nimecheka mpaka nimemwaga chai.

Hapo kosa si la kuunganisha, kosa limo kwenye kipande cha simu. Kamera yako inapiga fremu, yaani picha moja moja, 25 kila sekunde, giza lije mwanga uje. Simu haiko hivyo. Unaiwekea 30, lakini mwanga ukipungua inajipunguzia yenyewe mpaka 24 hivi ili picha isiwe nyeusi. Nakuhakikishia wakati ndafu anaingia walizima taa.

Sasa programu yako imezichukua zile fremu 24 ikadhani ni za mwendo wa 30. Sekunde nzima ya giza ikapita kwa sekunde 0.8. Giza la sekunde 20 tu, picha imeshaitangulia sauti kwa sekunde 4, na hairudi tena mpaka mwisho wa sherehe.

Dawa: kipitishe kipande cha simu kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadili video, KABLA ya kuunganisha. Chagua fremu 25 na uweke alama kwenye "Constant Framerate" (mwendo wa fremu usiobadilika), sauti iwe 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde. Watu wakicheza muziki picha itakuwa inarukaruka kidogo, vumilia. Ndiyo maana siku hizi mimi kamera na simu naziseti zifanane kabla sijatoka nyumbani.

FundiWaRau
Taa walizima kweli. Wewe ulikuwepo nini?

Barafu4673
Yangu si ya sauti ila ni ya kuunganisha, mtanivumilia. Mimi ni mwongoza wageni mlimani. Mteja alivaa kamera ndogo ya GoPro kifuani siku zote, tukashuka akaniomba nimuunganishie kabla hajaruka. Nikapanga mafaili kwa majina kama kompyuta ilivyoyapanga. Nikaja kuona mteja yuko Uhuru anakumbatiana na wapagazi, kisha ghafla yuko getini anafunga kamba za viatu.

Jina la faili ndilo lilinidanganya. Kamera hii ikirekodi kwa muda mrefu inakata faili likikaribia GB 4. GX010034 ni kipande cha kwanza cha rekodi namba 0034, GX020034 ni mwendelezo wake. Kompyuta yenyewe inaweka 01 zote juu, 02 zote chini. Kwa hiyo unapata mianzo yote kwanza, halafu miendelezo yote. Angalia tarakimu nne za mwisho kwanza, ndipo uangalie mbili za mbele.

Ukishapanga vizuri, vipande hivi vimezaliwa tumbo moja, havihitaji kurenda, yaani kutengenezwa upya. Tumia ffmpeg, programu ya kuandikia amri. Andika orodha kwenye faili la maandishi, kila mstari file 'GX010034.MP4' na kuendelea, kisha:

ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy siku.mp4

Dakika mbili kazi imeisha, sauti haijasogea hata chembe.

Tenari_wa_Kibosho
Naomba nikaze hapo kwa Barafu. Hiyo amri ni ya vipande vinavyofanana kwa kila kitu: aina ya video, ukubwa wa picha, sauti. Ukichanganya ya simu na ya kamera itakubali bila kunung'unika, halafu itakuaibisha mbele za watu.

Mimi narekodi kwaya yetu, video kwa kamera, sauti kwa kirekodi kidogo mbele ya waimbaji. Mara ya kwanza kirekodi kilikuwa kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde na kamera iko 48,000. Programu niliyokuwa natumia haikubadilisha, ikaisoma sauti yote kama 48,000. Besi wetu, watu wazima wenye ndevu, wakaimba kama watoto wa Sunday school. Ibada ya saa nzima sauti ikaisha kwenye dakika ya 55, picha bado inasonga. Hilo ni rahisi kulijua kwa sababu linasikika.

Gumu ni hili la pili. Niliseti vyote 48,000, nikasawazisha mwanzo kwa makofi, nikajua nimemaliza. Kwenye dakika ya 72, wimbo wa kutokea, kondakta anashusha mkono na sauti inakata fremu sita baadaye. Ni kwamba kila kifaa kina saa yake ndani, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawasawa kabisa. Kwa wimbo mmoja huoni kitu, kwa ibada nzima unaona. Tangu hapo napiga kofi mwanzoni na kofi mwishoni. Nasawazisha la mwanzo, nakwenda la mwisho, nahesabu fremu zilizopishana, kisha naivuta au naibana sauti mpaka makofi yote mawili yakae. Ni robo sekunde ndani ya saa nzima na ushee, hakuna sikio litakaloshtuka.

Halafu kuna ambalo si kosa la mtu. Ukisimama nyuma kabisa ya kanisa na kutumia maiki ya kamera, sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mita 27 ni fremu mbili tayari. Nilipoteza jioni nzima nikitafuta kosa kwenye laptopu, kumbe ni urefu wa kanisa.

Mama_Tengeru
Wanangu, mimi si fundi, mimi ndiye ninayeletewa hizo flashi. Kipaimara cha mjukuu wangu nililetewa video, kila neno la mchungaji linakuja mdomo umeshafungwa. Nikamzuilia fundi elfu hamsini yake. Kaapa kwake iko sawa, nikamwambia hizo ni hadithi.

Wiki mbili baadaye kijana wangu kaja, ile sabufa ya kwenye TV kaichukua. Tukawasha TV yenyewe tu, loo! Mchungaji anasema na mdomo unasema. Kumbe sabufa ile ya kuunganisha bila waya ndiyo ilikuwa inachelewesha. Nimempelekea fundi hela yake na mkungu wa ndizi juu. Ndizi kapokea, usoni bado kanuna.

Chalii_Sakina
Shikamoo mama. Huyo fundi ni mimi? Natania. Ila wakuu, tusikague kazi kwa spika za bluetooth.

MzeeWaMTS
Nyinyi wa simu mnasahau sisi wenye kamera za AVCHD, zile zinazohifadhi video kwa mafaili ya MTS. Kamera inakata faili katikati ya hotuba, 00001.MTS, 00002.MTS. Ukiyaburuta moja moja kwenye programu ya kuediti, kila maungio yanameza silabi. Kwenye Windows fungua dirisha la amri:

copy /b 00001.MTS+00002.MTS zima.MTS

Mafaili haya yameundwa kugundishwa mkia kwa kichwa. MP4 usijaribu. Faharasa yake imefungwa ndani ya kila faili, utapata faili kubwa linalocheza kipande cha kwanza tu.

Kijenge_Juu
Na wenye vipande vidogo vingi? Niliunganisha klipu 42 za wanafunzi wenzangu kwa mahafali, kila moja sekunde chache. Ya kwanza safi, ya 42 imechelewa karibu sekunde nzima.

Tenari_wa_Kibosho
Hizo zinaibiana kidogo kidogo. Sauti ya AAC, aina ya sauti iliyobanwa, hukatwa kwa vifungu vya sampuli 1,024, yaani milisekunde 21 kwenye 48,000. Picha ya fremu 25 hukatwa kwa milisekunde 40. Haziishii pamoja, kila klipu inaacha kimkia. Programu ikipanga picha foleni yake na sauti foleni yake, vimkia 42 vinajumlishana. Ziweke kwenye programu ya kuediti, kila klipu picha na sauti yake zikiwa zimefungwa pamoja, urende upya. Ukitaka ffmpeg, tumia concat ya kichujio, ile ya filter_complex. Sauti ikiwa fupi inaijazia kimya kabla ya kipande kinachofuata.

FundiWaRau
Mrejesho. Nimefungua kipande cha simu kwa MediaInfo, programu ya kuonyesha taarifa za faili, kimeandikwa "Variable" (mwendo unaobadilika) peupe, hata sikuwahi kuangalia. HandBrake imekula saa mbili na nusu, umeme ukakatika katikati, nikaanza upya na jenereta ya jirani kwa lita mbili za petroli. Nimeunganisha, nimekagua mwanzo, pale ndafu anapoingia, na mwisho.

Mzee kaja jioni kakaa kwenye ndoo ileile. Baba mdogo kasema, ukumbi ukacheka, kwa mpangilio huo. Mzee kaangalia mpaka mwisho bila kuongea, kisha kaniuliza kwa nini yeye hakutokea vizuri akicheza.

Chalii_Sakina
Hiyo mkuu hakuna programu.